Kitenzi cha Faraja: Lugha ya Ushuhuda katika Ukanda wa Tunduma na Songwe



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Baada ya dhiki faraja." Methali hii tumeisikia tangu utotoni. Tumeisoma kwenye kanga, tumeiandika kwenye barua za rambirambi, na wengi wetu tumeitamka kando ya kitanda cha mgonjwa pale ambapo hatukuwa na neno jingine. Leo nawaomba tuitazame kwa jicho la mwanaisimu. Methali hii haina kitenzi. Inataja dhiki, inataja faraja, na kati yake inaweka neno "baada". Haisemi faraja ililetwa na nani, ilipita njia gani, wala ilichukua muda gani kufika.

Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba kuna utanzu mmoja wa fasihi simulizi ya Kiswahili ambao kazi yake kubwa ni kukijaza kitenzi kinachokosekana katika methali hiyo. Utanzu huo ni ushuhuda: masimulizi ya mtu anayesimama mbele ya wenzake na kueleza jinsi alivyovuka taabu kwa imani na kwa msaada wa watu. Nitachukua mifano kutoka ukanda wa Tunduma na Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Aidha, nitaeleza kosa nililolifanya mwenyewe katika kuandika masimulizi ya aina hii, kwa kuwa kosa hilo lilinifunza zaidi ya vitabu vingi.

2.0 Mahali na Watu Wake

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yako Vwawa. Ndani yake zimo wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3. Lugha za wenyeji ni pamoja na Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kilambya na Kiwungu. Mpaka wa dola haukuzigawa lugha hizi kama ulivyoigawa ardhi, na Kinyamwanga kinasemwa Tanzania na Zambia pia.

Mji wa Tunduma umekaa juu ya mpaka huo, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, hupita hapo pia. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1970 na ukakamilika mwaka 1975. Kwa sababu hiyo Tunduma ni mji wa watu waliotoka kwingine: madereva wanaongoja kibali cha forodha, wachuuzi, mawakala, wabeba mizigo, mama lishe, na vijana waliokuja kutafuta maisha. Mtu anapougua au kufiwa katika mji wa namna hii, ukoo wake huenda uko mbali kwa safari ya siku mbili. Anayeweza kumfikia kwa haraka ni jirani asiye wa kabila lake, muumini mwenzake, au mwenziwe wa biashara.

Hali hiyo ina matokeo ya kiisimu. Katika vijiji vya Mbozi imani ilianza kusemwa kwa lugha ya mama, na Agano Jipya la Kinyiha lilichapishwa mwaka 1913. Lakini katika mji wa mpakani, watu wasiochangia lugha ya mama huombeana, hulia na hushukuru kwa Kiswahili. Kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ambayo kwayo mgeni hugeuka kuwa mtu wa watu.

3.0 Mizizi ya Masimulizi: Kumbukumbu za Waliotekwa

Tusidhani kwamba masimulizi haya yalianza na vipaza sauti vya juzi. Ukanda huu una hazina ya kale ya habari za watu walionusurika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika ilisumbuliwa na vita vya uvamizi na biashara ya watumwa. Wanawake na watoto ndio walioteseka zaidi, kwa sababu walikuwa rahisi kutekwa, kubadilishwa kwa bidhaa, na kutolewa kuwa fidia katika magomvi yasiyowahusu.

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa na vituo Utengule na Mbozi. Baadhi ya watu waliokimbia utumwa walipata makazi katika vituo hivyo. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliwasikiliza na kuandika habari za maisha yao, zikachapishwa kwa Kijerumani na baadaye kwa Kiingereza. Miongoni mwao walikuwamo mwanamke aliyeitwa Narwimba, mwanamke mwingine aliyeitwa Chisi, na Msatulwa Mwachitete, mtoto wa mtawala wa Kinyiha aliyekuja kuwa mwalimu. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya habari hizo katika kitabu kimoja na kuzichambua upya, pamoja na nyingine za aina hiyo.

Mambo mawili katika kumbukumbu hizo yanatuhusu. La kwanza ni la Chisi. Mwanamke huyu anatajwa kwa majina matatu: Chisi, Ndjurisiye na Sichyajunga. Kwa mwanaisimu, majina hayo ni historia kamili. Mtu anayehamishwa kutoka mikono hii kwenda mikono ile hupoteza nyumbani, na mara nyingi hupoteza hata namna ya kuitwa. La pili ni la Narwimba. Alipofiwa na mume wake, yeye mwenyewe aliomba arithiwe na jamaa wa marehemu. Msomaji wa leo anaweza kushangaa. Lakini Narwimba alijua kwamba, katika nchi ile na wakati ule, mwanamke asiye na wa kumdai alikuwa windo. Usalama wake haukuwa katika kuwa huru na kila mtu, ulikuwa katika kuwa na watu.

Ukanda huu haukuwa peke yake. Mwaka 1887 kilichapishwa kitabu cha habari zilizoandikwa na vijana waliokombolewa utumwani, wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Humo nako vijana walieleza jinsi walivyotekwa bara na jinsi walivyofikishwa pwani.

Hata hivyo, yatupasa kusoma kwa tahadhari. Aliyeandika alikuwa mmisionari, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa Ulaya. Walitarajia habari ianzie gizani na kuishia nuruni. Msimulizi naye hujua hadhira yake inangoja nini. Pamoja na hayo, habari hizi hazikubali kubanwa zote katika umbo hilo. Kila ukurasa umejaa watu: aliyemficha, aliyemwonyesha njia, aliyempa chakula, aliyemkataa.

4.0 Mkondo wa Ushairi

Mkondo wa pili unaolisha ushuhuda ni ushairi. Utenzi wa Ayubu, mmoja wa tenzi za kale za pwani, unasimulia habari za mja aliyepoteza mali, watoto na afya, lakini hakuiacha subira. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake, na ndani ya utenzi huo mna dua ya mtu anayejua kwamba siku zake zinahesabika. Tenzi hizi zilizaliwa katika mazingira ya Uislamu na hati ya Kiarabu.

Baadaye bahari hii ya utenzi ilifika bara. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi za Mwalimu Julius Nyerere zilizozigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa ushairi. Hivyo bahari iliyolelewa na Waislamu wa pwani ikawa chombo cha Wakristo wa bara, wala hakuna aliyeona kwamba ameazima kitu cha watu wengine. Katika mji kama Tunduma, ambamo msikiti na kanisa husikilizana mlio wa mwito, urithi huo ni wa wote.

Ili kuonyesha jinsi ushairi unavyobeba mwendo wa ushuhuda, nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya mhadhara huu. Sidai kuwa malenga. Nautoa uwe kielelezo tu:

Nilikuja sina jina, njia imenichakaza,
Sina mama wala shina, moyo umejaa giza,
Wakaniita kijana, mkeka wakatandaza,
Leo sote twajuana, na mzigo twapunguza.

Mizani ni kumi na sita kwa kila mshororo, nane kwa nane. Nawaomba muangalie nafsi za vitenzi. Mshororo wa kwanza una "ni-", wa tatu una "wa-", wa nne una "tu-" iliyofupishwa kuwa "twa-". Mwendo wa ubeti ni mwendo kutoka mimi, kupitia wao, hadi sisi. Mwendo huo ndio nitakaouchambua sasa katika lugha ya kawaida.

5.0 Sarufi ya Ushuhuda

Sentensi zifuatazo nimezitunga kwa kufuata desturi ya masimulizi niliyoyasikiliza kwa miaka mingi. Ushuhuda huanza kwa salamu, "Bwana asifiwe," nayo hadhira hujibu "Amina." Desturi ya kushuhudia mbele ya mkutano ilipata nguvu kubwa katika Afrika Mashariki kutokana na Uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Jibu hilo si pambo. Ni mkataba kwamba msimulizi hatasema peke yake.

Baada ya salamu huja dhiki. Sikilizeni: "Nilifiwa na mume, nikanyang'anywa shamba, nikafukuzwa nyumbani." Kiambishi "-li-" hufungua habari na "-ka-" huiendesha. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa. Msimulizi ndiye kiima cha sentensi, lakini hatendi, anatendwa. Sarufi inasema kile ambacho dhiki humfanyia mtu: humwacha na jina la mhusika mkuu huku ikimnyang'anya kazi ya mhusika mkuu.

Hatua ya pili ni hii: "Nikapokewa na jirani. Nikapikiwa, nikachotewa maji, nikauguliziwa mtoto, nikaombewa." Bado tuko katika kauli ya kutendwa, lakini sasa kimeongezeka kiambishi cha kutendea. "Pika" imekuwa "pikia", kisha "pikiwa". "Omba" imekuwa "ombea", kisha "ombewa". Mtu anatendwa, na tendo linafanywa kwa ajili yake.

Mwanafunzi makini atanikatiza hapa. Atasema: Profesa, hata "fiwa" imejengwa hivyo hivyo, "fa" imekuwa "fia", kisha "fiwa". "Ibiwa" pia. Amesema kweli, na hapo ndipo pana uzuri wa jambo hili. Kiswahili kimeweka msiba na wema katika umbo moja. Aliyefiwa na aliyepikiwa, wote wawili wameguswa na jambo lisilotoka kwao. Kiambishi chenyewe hakina huruma wala ukatili. Kinachobadilika ni nani yuko upande wa pili wa kitenzi. Kwa hiyo kuvuka dhiki, kwa mujibu wa sarufi ya ushuhuda, hakuanzi kwa mtu kujinyanyua kwa nguvu zake. Huanza pale ambapo mahali pa mtenda palipojazwa na kifo, mwizi au mdai, panajazwa na jirani.

Na imani iko wapi? Iko katika sentensi fupi inayorudiwa mno katika shuhuda hizi: "Mungu aliniletea watu." Mwislamu atasema, "Mwenyezi Mungu alinijaalia majirani." Katika sentensi hii Mungu ndiye mtenda, msimulizi ndiye mtendewa, na watu ndio kitu kilicholetwa. Wako wachambuzi wanaouliza kama aliyenusurika aliokolewa na imani au na jamii. Swali hilo linagawa kitu ambacho sentensi yenyewe imekiunganisha kwa kitenzi kimoja. Kwa msimulizi, jirani aliyebisha hodi na sufuria ya uji ndiye jibu la dua yake.

Hatua ya tatu hubadili njeo na kauli: "Leo tunasaidiana, tunatembeleana, tunazikana." Tumetoka "ni-" tumefika "tu-", tumetoka "-w-" tumefika "-an-". Aliyekuwa akitendewa sasa anatenda na kutendewa kwa pamoja. Neno "kuzikana" lina uzito wa pekee. Kiswahili humwita rafiki wa kweli rafiki wa kufa na kuzikana, na vikundi vya kuzikana vipo mijini na vijijini mwetu kote. Katika mji wa wageni, kujua kwamba kuna watakaokuzika ni faraja kubwa kuliko nyingi zinazotajwa vitabuni.

6.0 Kosa Nililolifanya

Nilipokuwa mtafiti kijana nilirekodi Tunduma masimulizi ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mchele sokoni. Sitamtaja jina. Mume wake, dereva wa masafa marefu, alikuwa amefariki, na wakwe walikuwa wamechukua kila kitu. Alinieleza kwa saa nzima. Sehemu kubwa ya saa hiyo ilikuwa orodha ya watu: huyu alimletea kuni, yule alikaa na watoto, mwingine alimkopesha debe la kwanza la mchele bila kuandikiana, na mzee mmoja alikuja kila jioni kusali naye kwa muda mfupi na kuondoka. Alitaja watu kumi na mmoja. Mwishoni alisema kwamba mtoto wake wa pili alikuwa bado mgonjwa. "Tunangoja," akasema, naye akanyamaza.

Nilipoandika, niliifuta orodha ile. Niliona ni marudio yanayopunguza kasi ya habari. Niliifuta na sentensi ya mwisho, kwa kuwa iliharibu hitimisho. Sentensi zangu zilikuwa safi: "Alipambana na umaskini. Alianzisha biashara. Alishinda." Mwaka uliofuata nilirudi kumsomea nilichoandika, kama maadili ya utafiti yanavyotaka. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, mbona watu wangu hawamo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimevibadili vitenzi vyake vyote kutoka kutendewa na kutendana kuwa kutenda, na kila kitenzi nilichokibadili kilimfukuza jirani mmoja. Kwa kalamu yangu nilimwacha peke yake kwa mara ya pili. Nilidhani namtukuza, kumbe nilimfanya mtu asiye na watu. Na kina Narwimba wanatuambia hali hiyo ina maana gani.

Nikauliza habari za mtoto. Alikuwa amefariki miezi michache kabla. Hapo nikatambua uzito wa neno nililolifuta. "Tunangoja" ilikuwa kauli ya ushuhuda kamili kama yoyote nyingine. Ilikuwa na nafsi ya wingi. Yeye na watu wake walikuwa wakingoja pamoja, na waliendelea kuwa pamoja hata jambo walilolingojea lilipokuja kwa sura ya msiba.

7.0 Hitimisho

Ndugu zangu, siku hizi shuhuda zimekuwa na soko. Zinatangazwa redioni, zinasambazwa kwa simu, zinachapishwa katika ripoti za miradi na vijarida vya dini. Anayeziomba mara nyingi huwa na haraka, naye hutaka mwisho mwema. Mwenye dhiki ambayo haijakwisha huambiwa, kwa maneno au kwa kutazamwa tu, kwamba wakati wake wa kusimama haujafika. Hali hiyo ni hatari kwa fasihi, nayo ni hatari zaidi kwa watu. Maskini hapaswi kutakiwa ashinde kwanza ndipo asikilizwe.

Kwa wanafunzi watakaokwenda Mbozi, Momba, Ileje au kwingineko kukusanya masimulizi, nina maagizo matatu. Rekodini katika lugha aliyoichagua msimulizi, na mkitafsiri, msibadili kauli ya kitenzi bila sababu. Hifadhini orodha za majina katika kumbukumbu zenu hata kama mtazificha wakati wa kuchapisha. Orodha hizo ndizo kiini cha habari. Na mtu akimaliza kwa neno "bado", andikeni "bado", mkaweke nukta.

Nilianza kwa methali isiyo na kitenzi. Huenda wahenga waliiacha hivyo kwa makusudi, wakijua kwamba kila kizazi kitalazimika kukitafuta chake. Yule mama wa Tunduma alikwisha kukipata, akakitaja mara kumi na moja, nami nikakifuta. Nakala ya mkono ninayo bado, na katika maandishi yangu yote yaliyofuata nimejitahidi kuwarudisha watu wake mahali pao.